Roboti Inapozimika Uwanjani: Kutafuta Hitilafu Katika Bodi ya Umeme

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaojenga roboti za mashindano katika skuli za Unguja na Pemba. Unahusu sehemu moja tu ya roboti, yaani bodi ya umeme: betri, fyuzi, swichi, draiva za mota (bodi zinazozipa mota umeme kwa amri ya programu), maikrokontrola (kompyuta ndogo inayobeba programu), sensa, na nyaya zinazoviunganisha vyote hivyo. Roboti ninayoizungumzia ina magurudumu 4 na mota 4 za volti 12, betri ya seli 3 za lithiamu zilizofungwa kwa mfuatano, bodi ya Arduino Uno yenye maikrokontrola, draiva 2 za mota (moja kwa kila upande), servo 1 (mota ndogo inayogeuka kwa pembe inayoamriwa) ya kunyanyulia mkono, na sensa chache za kupima umbali na kufuata mstari. Mwenye roboti ya aina nyingine atabadilisha nambari, lakini mwendo wa kutafuta hitilafu ni ule ule.

Roboti ikishindwa kufanya kazi, vijana wengi hukimbilia programu, kwa sababu programu inaonekana kwenye kioo na inabadilishika upesi. Katika miaka niliyokaa nao karakanani, hitilafu nyingi nilizozikuta hazikuwa kwenye programu, bali kwenye njia ya umeme, na hasa kwenye viungo, pale waya unapokutana na skrubu, pini au risasi ya kulehemu. Kiungo kibovu kinaweza kuonekana kizima kwa macho, na hata mita ikakipitisha, iwapo hakuna mzigo unaovuta umeme wakati wa kupima. Kwa hiyo vipimo vingi nitakavyovieleza hapa vinafanywa roboti ikiwa inafanya kazi, siyo ikiwa imetulia mezani.

Mita ya dijitali ya bei nafuu, kama zile wanazotumia mafundi simu wa Darajani, inatosha kabisa. Ongezea bisibisi ndogo, pasi ya kulehemu, risasi, kipande cha mbao cha kuinulia roboti ili magurudumu yasiguse meza, na daftari. Daftari si la hiari. Kila kinachobadilishwa kiandikwe, na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha waya, draiva na programu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichoponya, na tatizo likirudi kesho ataanza upya.

Kabla betri haijachomekwa

Bodi mpya, au bodi iliyotoka kufanyiwa matengenezo, haichomekwi betri mpaka ipimwe shoti, yaani chanya kugusana na hasi. Weka mita kwenye kipimo cha omu, washa swichi ya roboti, kisha gusisha ncha nyekundu kwenye upande chanya wa konekta inayopokea betri na ncha nyeusi kwenye upande hasi. Kinachotarajiwa ni nambari inayoanza chini na kupanda polepole, kwa kuwa kapasita za bodi, yaani vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme, zinajaa. Nambari ikibaki karibu na sifuri, kuna shoti, na betri ikichomekwa hapo fyuzi itakatika ikiwa ipo, au waya utayeyuka ikiwa haipo.

Mara nyingi shoti hiyo ni uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, uliochomoza kando ya skrubu ya draiva na kumgusa jirani yake. Mara nyingine ni bodi ya Arduino iliyofungwa juu ya bati bila kitu cha kutenga, hivyo ncha za pini zilizochomoza upande wa chini zikagusa chuma. Plaiwudi au plastiki chini ya bodi, na vijiti vya plastiki vya kuinyanyua milimita 5 hivi, vinaondoa tatizo hilo moja kwa moja.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya, kwa sababu inalinda kile kilicho mbele yake tu. Waya wa nusu mita unaotoka betri kabla ya kufika kwenye fyuzi ni nusu mita isiyo na ulinzi. Sisi tunatumia fyuzi za gari za ampea 15, zile bapa za plastiki, ambazo hupatikana katika maduka ya spea bila taabu.

Roboti haiwaki kabisa

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, ijapokuwa ndiyo inayotisha zaidi. Umeme unasafiri kwa njia moja, na kazi ya fundi ni kuifuata njia hiyo kituo kwa kituo mpaka afike pale volti zinapopotea. Ncha nyeusi ya mita ishikizwe kwenye hasi ya betri na isiondoke hapo. Ncha nyekundu iguse betri yenyewe, kisha baada ya fyuzi, kisha baada ya swichi, kisha kwenye draiva, kisha kwenye pini ya Vin ya Arduino, ile inayopokea umeme wa betri. Ukikuta volti 11 kabla ya swichi na sifuri baada yake, umeshafika.

Ikiwa volti hazipo au ni pungufu hata kwenye betri, kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza, seli moja ikiwa imepachikwa kinyume ndani ya kishikio, betri ya seli 3 itasoma kiasi cha volti 3.7 badala ya 11.1, kwa kuwa seli hiyo moja inafuta kazi ya mwenzake. La pili, betri zenye bodi ya ulinzi hujifunga zenyewe baada ya shoti au baada ya kushuka mno. Mita itasoma sifuri kwenye waya wa kutokea ingawa seli ni nzima. Betri ya namna hiyo huamka ikichomekwa kwenye chaja yake kwa muda mfupi. Hata hivyo, seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 siipeleki tena kwenye roboti ya wanafunzi.

Inawaka, lakini inajizima na kuwaka upya mota zinapoanza

Hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo ninapoomba msomaji awe na subira. Dalili zake zinafanana kila mara: roboti inawaka vizuri, taa zote zinaonekana, lakini ikiamriwa kwenda mbele inashtuka, inasita, kisha inaanza programu upya tangu mstari wa kwanza. Tazama taa ndogo ya pini ya 13 kwenye Arduino. Ikipepesa haraka haraka mara tu mota zinaposhtuka, wakati programu yako haikuiamuru, ujue maikrokontrola imejiwasha upya kwa kukosa umeme wa kutosha.

Mota inayoanza kuzunguka, au iliyozuiwa isizunguke, haina kitu cha kupunguza umeme isipokuwa ukinzani wa nyaya zake za ndani. Mota yenye ukinzani wa omu 4 ikipewa volti 12 itavuta ampea 3 katika lahadha hiyo ya kwanza, na zikiwa mota 4 zilizofungwa sambamba, kwa pamoja ni kama mzigo wa omu 1. Sasa tuiongeze njia yenyewe: ukinzani wa ndani wa betri tuseme ni omu 0.15, nyaya ni omu 0.03, na swichi iliyoanza kushika kutu ni omu 0.2. Jumla ya njia ni omu 0.38. Betri ikiwa na volti 12, zinapita ampea 8.7, na volti 3.3 zinapotea njiani. Kwenye bodi zinabaki volti 8.7, na roboti inakwenda. Lakini betri ikishuka hadi volti 9.6, kwenye bodi zinabaki volti 7 pungufu kidogo, na Arduino inayolishwa kupitia Vin inataka angalau volti 7 ili itoe 5 zilizo thabiti. Hiyo ndiyo sababu roboti inayofanya vizuri katika raundi ya kwanza huanza kusuasua katika raundi ya tatu, na vijana wakaapa kwamba hawajagusa kitu. Kweli hawajagusa. Swichi ilikuwa mbovu tangu asubuhi, ila betri iliyojaa iliuficha ubovu wake.

Nawaeleza wanafunzi kwa maji, kwa kuwa maji yetu ya chokaa wanayajua. Mfereji ukiwa umefungwa, presha huwa kamili hata kama bomba limezibwa na chokaa nusu nzima. Ni pale unapoufungua na maji yakaanza kwenda ndipo unaona yanatoka kama uzi. Mita inayopima volti roboti ikiwa imetulia inapima mfereji uliofungwa.

Kipimo kinachofichua ubovu huu ni cha kupima upotevu wa volti, na ningependa kila mwanafunzi akijue kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Iweke roboti juu ya mbao, washa mota, na mwenzako azuie gurudumu moja kwa kitambaa kwa sekunde 1 au 2, asizidishe, kwa maana mota iliyozuiwa hupata moto upesi. Wakati huo huo weka ncha zote mbili za mita kwenye kitu kimoja: moja mwanzo wa waya, moja mwisho wake, kisha upande huu na upande ule wa swichi, kisha upande huu na ule wa fyuzi, kisha kwenye konekta ya betri. Kiungo kizuri kitasoma volti 0.1 au chini ya hapo. Kinachosoma 0.5 au zaidi ndicho kinachokula umeme wako. Usisahau upande wa hasi, kwa sababu umeme unaokwenda lazima urudi, na waya hasi mwembamba unaharibu kazi sawasawa na waya chanya mwembamba.

Kuhusu unene, waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 0.035 kwa kila mita, na wa milimita mraba 1.5 una omu 0.012. Kwa njia kuu ya betri ninatumia 1.5 au 2.5, hata ikiwa umbali ni sentimita 30 tu. Nyaya nyembamba za rangi rangi zinazouzwa kwa ajili ya majaribio ya mezani ni za ishara peke yake. Nimeshaona ganda la mmoja wao likilainika na kunata kwenye kidole, baada ya mtu kuutumia kupeleka umeme kwenye draiva.

Ikiwa njia ni safi na roboti bado inajizima, tazama servo. Kosa la kawaida ni kuichomeka servo kwenye pini ya volti 5 ya Arduino. Servo ikinyanyua mzigo inaweza kuvuta ampea 1 au zaidi, na kidhibiti volti kidogo kilichomo kwenye Arduino hakikuundwa kubeba hayo. Kinapopokea volti 12 na kutoa 5, kila ampea 0.5 inayopita inakigharimu wati 3.5 za joto, nacho hujizima ili kisiungue. Ipe servo bodi yake ya kushushia volti, kama zile za LM2596, ukiirekebisha hadi volti 5 kwa mita kabla servo haijachomekwa, kwa maana bodi hizo zinaweza kutoka dukani zikiwa zimewekwa juu. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo, na nyingine karibu na draiva, zinasaidia kubeba ule mshtuko wa mwanzo. Kapasita si dawa ya waya mbovu, na asiwepo wa kuitumia kwa nia hiyo.

Waya uliokuwa mweusi ndani

Mwaka mmoja tulivuka na roboti yetu kwenda Pemba. Unguja ilikuwa imekwenda bila kosa kwa wiki mbili. Tulipofika Chake Chake na kuiwasha ukumbini, ilikwenda mbele sawasawa, lakini kila ilipogeuka upande wa kulia mota za upande mmoja zilikufa kwa nusu sekunde, kisha zikafufuka. Tulibadilisha betri. Tulipakia upya programu ya juzi. Tulikaribia kubadilisha draiva, na draiva ya akiba ilikuwa moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha 3 aliyekuwa ameishika roboti juu ya meza ndiye aliyelipata. Alipitisha kidole kwenye nyaya moja baada ya nyingine, akasimama.

“Mwalimu, hapa pana moto.”

“Usiguse tena, mwanangu. Zima kwanza.”

Ilikuwa ni skrubu ya draiva inayopokea waya chanya. Tuliilegeza, na waya ukatoka wenyewe bila kuvutwa. Ncha yake ilikuwa imelehemiwa risasi kabla ya kuingizwa, jambo ambalo kwa macho linapendeza, lakini risasi ni laini: ikibanwa na skrubu inaendelea kubonyea polepole kwa siku nyingi, mpaka skrubu inakuwa haibani tena. Mtikisiko wa gari na boti ulimalizia kazi. Alama ya skrubu ilionekana waziwazi kwenye ile ncha, kibonyeo kilichong’aa, na kando yake ukungu wa kijani. Nilipolichuna ganda sentimita 2 zaidi, shaba ya ndani haikuwa nyekundu wala ya manjano; ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, na risasi haikukubali kuishika hata baada ya kuipasha moto mara tatu. Hewa ya chumvi ilikuwa imepenya chini ya ganda kupitia ile ncha na kupanda juu. Tulikata mpaka tulipokuta shaba safi, na waya ukawa mfupi kiasi kwamba ilitubidi tuuweke mwingine.

Tangu siku hiyo ncha za waya zinazoingia kwenye skrubu hatuzilehemu. Tunazivalisha vikofia vya shaba vilivyopakwa bati na kuvibana kwa koleo lake, au, vikikosekana, tunasokota nyuzi za waya na kuzikunja mara mbili kabla ya kuzibana. Skrubu zote hukazwa upya baada ya safari yoyote, ya boti au ya gari la shamba, kisha kila waya huvutwa kwa vidole viwili kwa nguvu ya wastani. Waya unaotoka kwa mvuto huo ungetoka uwanjani.

Kutu ya chumvi haisubiri safari. Katika miezi ya masika bodi iliyoachwa wazi karibu na dirisha huanza kuota ukungu wa kijani kwenye pini, na mara nyingi mahali pa kwanza ni pale palipobakia dawa ya kulehemia ambayo haikusafishwa. Safisha kila bodi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili baada ya kulehemu, iache ikauke kabisa, na upande wa viungo upake varnishi ya bodi. Ikikosekana, rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi inayoridhisha, mradi usiipake kwenye konekta, kwenye pini za kuchomekea, wala kwenye kitu kinachopata moto. Roboti yetu inalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Upande mmoja hauzunguki, au unazunguka kinyume

Kinyume ni rahisi: badilishana nyaya 2 za mota hiyo kwenye draiva, na usiguse programu. Upande usiozunguka unahitaji jaribio la kubadilishana. Chomoa mota za kushoto uzipeleke kwenye draiva ya kulia, na za kulia uzipeleke kushoto. Ubovu ukihama pamoja na mota, mbovu ni mota au waya wake; ukibaki upande ule ule wa draiva, mbovu ni draiva au ishara inayoipokea. Jaribio hili la dakika 2 linaokoa saa nzima ya kubishana.

Mota zikizunguka kwa unyonge pande zote mbili, na draiva yako ni L298N, huenda hakuna kilichoharibika. Draiva hiyo ni ya zamani na inakula sehemu ya volti yenyewe: kati ya volti 1.8 na 3.2 kwa mkondo wa ampea 1, na inaweza kufika 4.9 kwa ampea 2, ambao ndio ukomo wake kwa kila upande. Ukifunga mota 2 zenye kuvuta ampea 3 kila moja kwenye upande mmoja, itapata moto, itajizima kwa kinga yake ya ndani, itapoa, itawaka tena, na roboti itakwenda kwa kusitasita. Sisi tulianza nayo, na kwa roboti ndogo yenye mota za plastiki za manjano bado naipendekeza. Kwa mota za volti 12 zenye nguvu tulihamia draiva za MOSFET (transista za kisasa zinazofanya kazi ya swichi) aina ya BTS7960, ambazo hupoteza volti kidogo sana.

Hakikisha pia vile vipande vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini za ENA na ENB (pini za kuruhusu kila upande wa draiva) na volti 5 kwenye L298N havijadondoka. Kimoja kikidondoka, na pini yake isipopewa ishara na Arduino, upande huo haujibu.

Sensa zinatoa nambari zisizoaminika

Kabla ya kuilaumu sensa, kagua hasi ya pamoja, ile ambayo mafundi huiita graundi. Betri ya mota, draiva, bodi ya kushushia volti, Arduino na sensa vyote lazima viwe na hasi moja inayokutana mahali pamoja, ikiwezekana karibu na betri. Volti si kitu kinachosimama peke yake. Ni tofauti baina ya sehemu mbili, na vifaa viwili visivyo na hasi ya pamoja ni kama watu wawili wanaopima urefu wa ukuta, mmoja akianzia sakafuni na mwengine akianzia kwenye kiti.

Sensa zikisema kweli mota zikiwa zimezimwa na kusema uongo mota zikizunguka, chanzo ni kelele za umeme zinazotoka kwenye brashi za mota. Lehemu kapasita ya kauri ya nanofaradi 100 kwenye miguu 2 ya kila mota, kwenye mota yenyewe na siyo kwenye bodi. Zisokote pamoja nyaya 2 za kila mota, na nyaya za sensa zipite upande mwingine wa roboti. Pale ambapo ni lazima zikutane na za mota, zikatane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba. Sensa zinazotumia njia ya I2C (mawasiliano ya nyaya 2 za ishara) zikigoma mara kwa mara, zifupishe nyaya zake na hakikisha kuna rezista za kuvuta juu, yaani za kuunganisha ishara na chanya, kwa kawaida kiloomu 4.7, kwenye nyaya zote mbili za ishara.

Sensa za kufuata mstari zina adui mwengine huku kwetu, nalo ni jua. Sensa hizi hutuma mwanga wa infraredi na kupima unaorudi, na jua limejaa mwanga huo huo. Kumbi zetu zina madirisha mapana. Roboti iliyorekebishwa saa 4 asubuhi ikasoma takriban 100 kwenye nyeupe na 800 kwenye nyeusi, inaweza kupoteza mstari saa 8 mchana jua linapoingia kwenye uwanja. Izungushie sensa pazia la karatasi nyeusi ngumu linaloacha milimita 2 au 3 tu juu ya sakafu, na iandikie programu hatua ya kujirekebisha upya kabla ya kila raundi, papo hapo uwanjani.

Programu haiingii

Badilisha waya wa USB kwanza, kwa sababu nyaya nyingi zinazokuja na vifaa vya simu ni za kuchajia tu na hazina njia ya data. Kisha chomoa chochote kilichochomekwa kwenye pini 0 na 1 za Arduino Uno, ambazo ndizo zinazopokea programu. Bodi zenye chipu ya CH340, inayounganisha USB na maikrokontrola, huhitaji programu yake (nayo huitwa draiva, lakini si ile ya mota) iwekwe kwenye baadhi ya kompyuta. Ipakue nyumbani, usitegemee intaneti ya ukumbini.

Kuna harufu, au kitu kina moto

Zima, chomoa betri, ondoa mkono. Hakuna raundi inayostahili seli ya lithiamu iwake moto karibu na watoto. Seli iliyovimba, iliyotobolewa ganda, au inayopata joto bila kutumiwa hupelekwa nje na kuwekwa juu ya mchanga, mbali na kitu kinachoungua, na hairudi tena kwenye roboti. Kila seli ichajiwe isizidi volti 4.2, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mtu mzima akiwa karibu na macho wazi. Hatuachi betri zikichaji usiku tukalala. Wala waya haulehemiwi moja kwa moja kwenye seli kwa pasi, kwa sababu joto lake linaweza kuharibu viungo vya ndani. Tumia kishikio, au seli zilizounganishwa na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo.

Sehemu iliyopata moto isiguswe mpaka ijulikane kwa nini. Kidhibiti volti kilichoungua mara nyingi kimeunguzwa na kitu kingine, na ukikibadilisha bila kukitafuta kitu hicho utaunguza cha pili.

Asubuhi ya mashindano

Tunafika na betri 3, kila moja ikiwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu nzito, na kila moja inapimwa mara mbili: ikiwa imetulia, na ikiwa inazungusha mota zilizozuiwa kwa sekunde 1. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 ikitulia. Inayoshuka chini ya 10 wakati wa mzigo huo inatiwa alama nyekundu na inatumika kwa mazoezi ya pembeni tu, hata kama chaja imeonesha taa ya kijani. Kisha tunapima upotevu kwenye konekta ya betri, fyuzi, swichi na skrubu kuu za draiva, tunalinganisha na nambari za wiki iliyopita zilizomo daftarini, na kiungo ambacho nambari yake imepanda, hata kutoka 0.05 hadi 0.15, kinafunguliwa, kinasafishwa na kukazwa upya kabla roboti haijapelekwa kwenye meza ya ukaguzi.